Usinunue shokapu mpya kabla hujapima

Soni, Lushoto
8 Juni

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi kutoka milimani. Sisi wazima, baridi ndiyo imeanza kutukunja, na barabara ya Rangwi imetoka masika ikiwa na makorongo ambayo mwaka jana hayakuwepo. Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mpaka mwisho. Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu nikikupigia mtandao utakata katikati, na wewe utabaki na nusu ya maelezo na spana mkononi.

Unasema pikipiki uliyoinunua kwa yule kijana wa bodaboda inakupiga kiunoni, ukipita kwenye rasta, yale matuta madogo madogo ya barabarani, inarukaruka kwa nyuma, usukani unatetemeka, na fundi wa mtaani kwenu amekwambia shokapu zote nne zimekufa, ulete hela. Usipeleke hela bado. Huenda ana haki kwa mbili. Kwa zote nne, bila hata kuinyanyua pikipiki kwenye stendi, nina mashaka.

Anza na upepo. Najua unatarajia niingie moja kwa moja kwenye shokapu, lakini tairi ndiyo shokapu ya kwanza, na wapiga pancha wetu wengi hujaza mpaka wakilipiga teke lilie kama ngoma. Yangu naiweka PSI 25 (ndicho kipimo cha upepo) mbele na 28 nyuma nikiwa peke yangu, naongeza kidogo nyuma nikiwa na abiria. Yako angalia kitabu chake, au kibandiko kama kijana hakukibandua. Nunua kipimo chako mwenyewe, kile kidogo cha kalamu, na upime asubuhi tairi likiwa baridi. Ukikuta 45 mle ndani, nusu ya kesi yako imeisha na hujafungua hata nati moja.

Sasa njoo nyuma. Chuchumaa uangalie chini ya springi, kila upande. Utaona pete yenye ngazi ngazi, na kijino cha shokapu kimekaa kwenye ngazi mojawapo. Nyingi za hizi za kwetu zina ngazi 5. Ninaweka dau kwamba ya kwako ipo ya juu kabisa pande zote mbili, kwa sababu kijana alikuwa anabeba mshikaki, abiria wawili watatu kwa mpigo, na magunia ya mkaa kwenye keria. Wewe una kilo 60 na begi la zahanati. Pikipiki hiyo haijui kama umepanda.

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo, hata mafundi. Ukikaza ile pete, springi yenyewe haigeuki kuwa ngumu zaidi. Chuma ni kilekile, na kila sentimita ya kuiminya bado inadai uzito uleule. Unachobadilisha ni mkazo wake wa awali, yaani nguvu inayoanza nayo kabla hujakaa, na kwa hiyo pikipiki inasimama juu zaidi. Mtu mzito anahitaji hivyo ili asikae chini kabisa ya safari ya shokapu, yaani nafasi yake ya kushuka na kupanda. Mtu mwepesi akipewa hivyo, shokapu inabaki imenyooka hadi mwisho muda wote. Ukifika kwenye shimo, gurudumu halina tena pa kushukia. Linaning'inia hewani, siti inaporomoka nalo, halafu ukingo wa pili wa shimo unakuja kukupiga wewe. Hicho ndicho kipigo cha kiunoni unachokisimulia, na shokapu mpya zilizokazwa vilevile zitakupiga vilevile.

Kwa hiyo pima. Unahitaji futi ya fundi cherehani au rula ndefu, karatasi, na shemeji akushikilie pikipiki isianguke. Iweke kwenye stendi ya katikati mpaka gurudumu la nyuma lielee. Pima kutoka katikati ya nati ya eksele kwenda juu wima hadi alama utakayoiweka kwenye bodi chini ya siti. Kipande cha plasta kinatosha, na wewe plasta hukosi. Andika. Kisha ishushe, panda na vitu vyako vyote kama unakwenda kazini: helmeti, koti, begi. Miguu iwe kwenye vikanyagio, usiiweke chini. Jisukume juu chini mara mbili tatu ili shokapu ikae mahali pake, halafu shemeji apime tena pale pale. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo unayoitafuta.

Kwa matumizi yetu, tofauti hiyo iwe karibu theluthi ya safari yote ya gurudumu. Gurudumu likiwa linasafiri sentimita 9, ukikaa ishuke kama 3. Ikishuka 1 tu, legeza pete. Ikishuka 5, kaza, au springi zimechoka. Usijisumbue na milimita. Hatuko kwenye mashindano. Ila pande zote mbili ziwe ngazi moja, kulia na kushoto, vinginevyo unaupinda mkono wa gurudumu, kile chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, bila kujua.

Kuhusu kuigeuza hiyo pete, naomba usimruhusu mtu aje na bisibisi na nyundo. Ndivyo wanavyofanya kila mahali, na ndiyo maana pete nyingi zimeliwa meno kama mahindi ya panya. Kuna spana yake yenye mdomo wa ndoano. Kama haikuja na pikipiki, itengeneze. Mimi ya kwangu niliikata kwenye chuma bapa cha unene wa milimita 5 kwa msumeno wa chuma, nikafuata duara la pete nililolichora kwanza kwenye boksi, halafu ndoano nikaimalizia kwa tupa, polepole, nikiijaribisha kila baada ya muda hadi ikaingia kwenye tundu bila kucheza. Mpini nimeuvalisha kipande cha mpira wa tyubu. Ilikuwa kazi ya jioni moja nikisikiliza mpira redioni. Kabla ya kuigeuza, safisha ngazi kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, maana vumbi la Dodoma likishakaa mle linashika kama saruji, tia tone la mafuta, na uigeuze pikipiki ikiwa kwenye stendi ili springi isiwe na mzigo.

Ukishapata ngazi yako, jaribu jambo moja. Simama pembeni, bonyeza nyuma ya siti kwa uzito wako wote, uachie ghafla. Inatakiwa ipande mara moja na itulie. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena na kucheza kama godoro la springi, basi hapo oili ya ndani imekwisha nguvu au imevuja, na fundi wako ana haki. Springi kazi yake ni kubeba na kurudisha. Anayeizuia isiendelee kucheza ni oili inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Wazo hilo ni la siku nyingi. Wajerumani wa BMW walitoa pikipiki zao za R12 na R17 zenye shokapu za mbele za mirija na oili mwaka 1935, na ukifungua za mbele za kwako leo utakuta kanuni ni ileile.

Hizi za nyuma huwa zimefungwa kiwandani, hazifunguliwi nyumbani. Najua kuna mafundi wanaozitoboa, wanajaza oili na kuchomelea. Nimeona zikidumu miezi, na sitawabeza kwa sababu mtu mwenye marejesho ya kila siku hana pa kukimbilia. Lakini kama ya kwako ina kile kikopo cha gesi pembeni, usikubali aitoboe wala aikaribie na moto. Gesi mle imeshindiliwa. Nunua mpya, na ununue jozi.

Za mbele ni habari nyingine, hizo unaweza kuzihudumia mwenyewe barazani. Kwa kawaida hazina pa kukaza, kwa hiyo unacheza na oili na springi. Weka kreti ya soda na ubao chini ya injini, gurudumu la mbele lielee kabisa, na hakikisha haitingishiki. Fungua upande mmoja kwanza, usifungue pande zote mbili pamoja. Kifuniko cha juu kinasukumwa na springi kutoka chini, kwa hiyo nyuzi za mwisho kishikilie kwa kiganja na kitambaa, na uso wako uwe pembeni. Chini, karibu na eksele, pikipiki nyingi za zamani zina skrubu ndogo ya kumwagia. Kama ya kwako haina, itabidi uchomoe mguu wa shokapu na kuupindua.

Oili iliyotoka kwenye yangu ilikuwa ya kijivu, nzito, ina chenga zinazometameta za aluminiamu, na inanuka vibaya mno. Mke wangu alinihamishia uani na beseni langu. Ukiona hivyo usiogope, ndiyo kawaida ya oili ambayo haijawahi kubadilishwa tangu pikipiki ishuke melini. Pampu shokapu taratibu juu chini mpaka tone la mwisho litoke, ndipo ujaze mpya. Kiasi fuata kitabu, na kiwe sawa pande zote. Wewe una bahati, bomba la sindano la mililita 20 linapima vizuri kuliko kikombe cha fundi yeyote.

Usitie oili ya injini. Ni nzito mno kwa kazi hii, na huku kwetu asubuhi ya Julai inaganda hivi kwamba usukani unakuwa kama umefungwa gogo mpaka jua lichomoze. Iwapo huipati oili ya shokapu yenyewe, ile nyekundu ya gia za otomatiki wengi tunaitumia na inakwenda. Na kama baada ya hapo pikipiki bado inapiga magoti sana ukishika breki, kata kipande cha bomba la plastiki la maji, sentimita 1 tu kwa kuanzia, kiwe na kipenyo cha springi, ukikate sawasawa kabisa, kiweke juu ya springi, na kila upande wake weka washa, kile kipete bapa cha chuma. Ni kukaza kulekule kwa nyuma, sema hapa pete unaitengeneza wewe. Yule anayetumbukiza nati na sarafu mle ndani mwachie mwenyewe.

Kama zinavuja oili pembeni ya mrija, usikimbilie kuagiza sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Mara nyingi ni chembe ya mchanga imekaa chini ya mdomo wa sili. Kata ukanda mwembamba kwenye chupa ya maji, ulainishe kingo, uupenyeze kati ya mrija na sili, uzungushe mara moja, kisha futa. Ikiacha kuvuja, umeokoa hela ya sili na ya fundi. Isipoacha, badilisha mapema, hasa kama breki ya mbele ni ya diski, maana oili ikifika pale hutakuwa na breki, na hilo halisubiri mwisho wa mwezi.

Kuhusu kutetemeka kwa usukani, hapo mimi silaumu shokapu kwanza. Gurudumu likiwa bado hewani, shika miguu ya shokapu kwa chini uivute mbele nyuma. Ikigonga, gololi za shingo zimelegea. Geuza usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia; ukihisi kuna mahali inanasa katikati, njia za gololi zimeshachimbika, na kukaza hakutasaidia. Kule nyuma nako, shika tairi ulisukume kulia na kushoto. Likicheza, ni beringi za gurudumu au bushi za mkono wa nyuma. Pikipiki ya bodaboda ikikosa grisi hapo, bushi huisha kimyakimya, na mwenye nayo hubadilisha shokapu, tairi, hata rimu, ugonjwa ukibaki palepale.

Ukimaliza yote angalia cheni upya, kwa sababu ukigeuza pete ya nyuma umebadilisha urefu wa pikipiki na mkao wa mkono wa gurudumu. Ipime ukiwa umekaa, icheze kadiri kitabu kinavyosema. Ikikaza sana, kila bonde itaivuta ekseli na kula spoketi.

Mimi majaribio yangu nayafanya kwa mayai. Usicheke. Nikienda Rangwi kukagua vitalu vya miche, mama mmoja wa kule hunifungia trei kwenye keria, mayai 30, kwa mpira wa tyubu. Pete ikiwa ngazi ya nne niliyoizoea nikimpakia mke wangu, nafika na uji. Nikiirudisha ya pili na kupunguza upepo kidogo, yanafika. Siku hizi nageuza kabla ya safari bila kufikiria, spana yangu inakaa chini ya siti pamoja na kitambaa. Na kwa kuwa mwisho wa wiki wewe unampakia shemeji na mtoto kwenda kwa wazazi, utahitaji kufanya hivyohivyo: ngazi yako ya kazini, ngazi yako ya familia. Ziandike kwa rangi ya kucha pale kwenye fremu.

Sasa nitumie namba tatu: upepo ulioukuta, ngazi uliyoikuta, na tofauti ya vipimo ukiwa umekaa. Nikiziona nitakwambia kama ni za kununua au la. Na kama utapita kwenye maduka ya spea, niulizie bei ya bushi za mkono wa nyuma za TVS HLX 125, huku Lushoto wananitajia bei ya utalii. Peasi zikianza kuiva nitakutumia ndoo kwa basi la Dodoma, uje uipokee mwenyewe stendi, mwaka jana konda alikuwa ameionja.

Msalimie shemeji, mwambie nasikitika nimempa kazi ya kushika futi.

Ndugu yako,
Abdi