Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wanachama wenzangu, ejoka noi, asalaam aleikum, bwana asifiwe. Chama chetu cha wafanyabiashara wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei, hapa Turkana, hakichagui mtu kwa kadi, mwenye kitambulisho cha Kenya na mwenye cha mkimbizi tunakaa benchi moja, kwa hivyo naongea na wote: mwaka ulikuwa mbaya, tusidanganyane.

Mnajua ilivyoanza. Januari Trump akasimamisha misaada ya Marekani, na Marekani ndio ilikuwa mfadhili mkubwa wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kuliko wote, kufika katikati ya mwaka rashoni ikashuka hadi kama asilimia 28 ya kile mtu anafaa kula, pesa za chakula za kwenye simu nazo zikasimama. Agosti yakaja mambo ya kugawa wakimbizi kwa makundi manne, wale wanyonge kabisa wapate kidogo na kundi la nne wasipate kitu ati wanajimudu. Kuna wanachama wetu waliwekwa huko la nne kwa sababu wana duka. Sasa mimi nauliza, hilo duka linamuuzia nani kama majirani wote hawana kitu mfukoni?

Hapo ndio biashara yetu ilivunjika. Wengi tunauza kwa deni, mteja anachukua unga na mafuta leo analipa pesa ikiingia, sasa haikuingia, daftari limejaa na mtu wa holseli Lodwar na Kitale anapiga simu kila asubuhi anataka chake. Na si wakimbizi peke yao walioumia, yule mama wa Kiturkana anayeleta kuni na makaa kambini abadilishe na unga alirudi na mzigo wake kichwani, na jina lake halijawahi kuwa kwenye orodha ya rashoni ya mtu yeyote.

Nasema haya kwa sababu wageni wakija huku huongea kama msaada ni wa kambi na maendeleo ni ya wenyeji, vitu viwili tofauti. Si kweli. Bamba Chakula ilipoanza 2015 mtu akapata pesa ya chakula kwa simu akaamua mwenyewe anunue nini kwa nani, maduka yakaongezeka, na 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia la biashara binafsi, walipotoa ripoti yao walisema uchumi wa Kakuma ni kama dola milioni 56 kwa mwaka na maduka zaidi ya 2,000. Gunia la mahindi haliwezi kuleta hiyo. Lakini pia tumeona udhaifu wake, pesa yote ilikuwa inatoka bomba moja na bomba likafungwa.

Kwa hivyo kamati ilipokutana na watu wa kaunti na wafadhili hatukuomba chakula tu, chakula kirudi ndio, watoto wana njaa. Tulisema zaidi leteni vitu ambavyo mfadhili akiondoka vinabaki. Barabara ya kwenda Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia bado ipo, hakuna mtu anaweza kuikata kwa barua.

Kingine ni makaratasi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inaruhusu mkimbizi kufanya kazi, na Rais alizindua Mpango wa Shirika Machi 28 kambi zigeuke kuwa miji. Vizuri sana kwa karatasi, lakini mwanachama wetu bado anaomba ruhusa ya kusafiri kwenda kuchukua mzigo na anaambiwa rudi wiki ijayo. Ukinipa mkopo wa biashara na hunipi ruhusa ya kutoka Kakuma umenipa deni tu. Wale wa Kongo, Burundi na Sudan Kusini sheria inawapa nafasi ya kuacha ukimbizi na kukaa kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wengine wameniuliza kama wachukue. Ushauri wangu ni usisaini haraka, uliza kwanza ukiacha utapoteza nini, mwone wakili wa msaada wa kisheria.

Mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili tu: tununue mzigo kwa pamoja kutoka Kitale ili bei ishuke, na wenye deni lililotokana na kukatwa rashoni wapewe muda bila faini. Najua la pili lina kelele, wengine wenu mmeshaniambia chama si sadaka. Tutalipigia kura baada ya mweka hazina kusoma hesabu, na nyinyi mlioko nyuma mlango ufungwe kidogo kuna vumbi.