Mdogo wangu, mwache mama na ng'ombe wake

Mdogo wangu mpendwa,

Tangu mliporudi Dar baada ya Krismasi nina maneno yamenikaa rohoni. Siku ile ya kikao cha familia, chini ya mparachichi, ulisema kwa ufupi tu: mama amezeeka, ng'ombe wauzwe, pesa itumike kumtafutia dada wa kazi. Wengi waliafiki. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kulikuwa na wageni, na mama mwenyewe alikuwa jikoni anawachemshia maziwa ya chai. Naandika hadharani kwa kuwa najua nyumba nyingi za huku Machame, Kilimanjaro, zilikaa kikao cha namna hiyo Desemba ileile, na waliosema kama wewe wanawapenda mama zao kama wewe unavyompenda wetu.

Nikubaliane nawe kwanza. Mama amechoka kweli. Ana miaka 71, na goti la kulia siku za baridi haliwezi kupanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Lakini ulimkuta amechoka, ukaona ng'ombe bandani, ukaunganisha. Mimi niliyeolewa hapa hapa, mgomba wa tatu kutoka kwake, nakwambia kinachomchosha ni majani na maji. Nitarudi hapo. Acha kwanza nikueleze siku yake, maana ukija Krismasi unaamka saa tatu na kazi kubwa imeshaisha.

Saa kumi na moja alfajiri taa ya banda inawaka. Anakuja na maji ya uvuguvugu, anaosha kiwele kwa kitambaa kimoja na kukikausha kwa kingine. Maziwa ya kwanza ya kila chuchu hayaingii kwenye ndoo. Anayakamulia kwenye kikombe cheusi na kukisogeza karibu na taa, anatafuta mabonge. Bonge likionekana, hata liwe dogo kama punje ya chumvi, ugonjwa wa kiwele umeshaingia. Masika iliyopita aliliona kwa chuchu ya nyuma kushoto. Daktari wa mifugo akaja, akatibu, akataja siku ambazo maziwa hayafai kuuzwa kwa sababu ya dawa. Mama alimwaga siku zote hizo, asubuhi na jioni, kwenye shimo nyuma ya banda. Jirani mmoja akamwambia mbona yanaonekana mazuri tu. Mama akamjibu kwamba yatanywewa na watoto wa watu.

Baada ya kikombe anakaa kwenye kigoda, analaza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe wake, Sikujua, anaanza kukamua. Mwanzo maziwa yanagonga chini ya ndoo kwa sauti kali. Povu likipanda, sauti inazama, unasikia tu pumzi ya ng'ombe na mama akiimba pambio kwa chini. Nimesimama pale mlangoni mara nyingi na sijapata kumwona mwenye haraka. Dakika kumi na kitu hizo, mdogo wangu, ndizo za utulivu kuliko zote katika siku yake.

Asubuhi tunapata lita 7, jioni 5. Ndama ana fungu lake, nyumba ina lake, lita 9 zinaenda kituo cha kukusanya maziwa. Mwanangu ndiye anayepeleka keni ya asubuhi kabla ya shule. Pale mpokeaji anatumbukiza laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, na kusoma namba inapoelea. Maziwa halisi husoma kati ya 26 na 32, ukiongeza maji namba inashuka na aibu inabaki kwako. Ya mama hayajawahi kurudishwa kwa sababu hiyo. Keni ya jioni anapenda kuipeleka mwenyewe, goti na lote, nami sasa najua kwa nini. Kituo ndicho baraza la wanawake wa kijiji. Ndipo anaposikia nani amejifungua, nani amelazwa, msiba uko wapi na michango ni kiasi gani. Mwaka juzi alipougua malaria, mimi nikiwa Moshi kwa siku mbili, keni yake ilikosekana jioni moja tu. Kesho yake kabla ya saa nne wanawake watatu walikuwa mlangoni kwake, mmoja ameshika chungu cha mtori. Dada wa kazi tutampata, lakini niambie nani atagundua mama hayupo, siku ambayo hana keni ya kupeleka popote?

Halafu kuna daftari. Unalikumbuka, lile kaunta buku lenye jalada jekundu, linakaa juu ya kabati la vyombo. Juzi alinituma nimsomee jumla ya mwezi kwa kuwa miwani imevunjika, nikajikuta nafungua kurasa za zamani. Upande wa kushoto ni tarehe na lita. Upande wa kulia ameandika kwa penseli maneno mojamoja: umeme, sare, chumvi ya ng'ombe, harusi, sadaka. Ukurasa mmoja, wiki nne mfululizo, umeandikwa jina lako la utoto na neno nauli. Ni mwaka ule ulipokuwa unatafuta kazi Dar na kusema kwenye simu kwamba unajitegemea. Hakutueleza alikotoa. Alikamua, akauza, akaandika kwa penseli.

Wewe ulizaliwa ukamkuta mama tayari na maziwa yake, hukuona kabla. Kahawa ilikuwa ya baba, Mungu amrehemu, na pesa ya kahawa ilikuwa ya baba. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, huku mlimani: kahawa ya mwanaume, ndizi na maziwa ya mwanamke. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei ikaporomoka, na nyumba nyingi zikaanza kuishi kwa kile kilichokuwa kinaitwa pesa ndogo ya kina mama. Wenzetu wa Nronga walikuwa wameshaliona hilo. Wanawake walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, hapa hapa Machame, na mama akawa anawatolea mfano kwa baba. Ng'ombe wake wa kwanza alimpata kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Mtamba wa kwanza kuzaliwa, ndama jike aliyekua, alimkabidhi kwa mama mwingine, mjane, kama masharti yalivyotaka. Nilikuwa mtoto, nililia siku mtamba yule alipoondoka. Mama hakulia. Alivaa kitenge kipya, akamsindikiza mpaka banda alilokuwa anakwenda, akakagua hori na maji ndipo akarudi. Kwa hiyo ukisema "ng'ombe wauzwe", kuwa mwangalifu. Huyu si ng'ombe wa ukoo. Ni wa mama, kwa jasho na kwa haki, na kwenye kikao kile hakuna aliyemuuliza.

Sasa majani na maji, maana hapa ndipo ninapokuhitaji.

Ng'ombe wa kilo 400 anataka kilo 40 hivi za majani mabichi kwa siku, nasi tuna wawili na ndama. Majani ya mabingobingo tuliyopanda kwenye kingo yanatosha masika. Ikifika Agosti mpaka Oktoba hayatoshi, na mama anateremka kutafuta majani ya watu, anapanda na mzigo kichwani. Hilo ndilo goti lenyewe. Maji pia. Maziwa karibu asilimia 87 ni maji, na ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Zamu yetu ya mfongo, ule mfereji wa maji ya mlimani, ikifika ni sawa. Mfongo ukikauka, ni ndoo kichwani. Mwaka jana kiangazi lita zilishuka kutoka 12 mpaka 7, mama akasema Sikujua anazeeka. Hakuwa anazeeka, alikuwa na kiu.

Unalo shamba la chini, tambarare, unalokodisha kwa mahindi. Aliyelikodi akivuna Julai anachoma mabua. Mwambie asichome. Canter moja iliyojaa mabua, yakikatwakatwa na kuchanganywa na pumba na mashudu ya alizeti, itatusaidia kuvuka kiangazi. Pesa uliyotaka kumlipa dada wa kazi, mlipe kijana wa hapa jirani akate majani asubuhi na kuchota maji. Ameshakubali, nimeongea naye. Na tangi la lita 2,000 litakinga maji ya mvua kutoka paa la banda. Bati lipo, mfereji wa paa nitanunua mimi. Mama abaki na kukamua, kuandika daftari lake na keni ya jioni. Siku mikono yake itakaposhindwa kukamua atasema mwenyewe. Unamjua, hafichi.

Muulize pia mwanao. Krismasi ile alichovya vidole kwenye ndoo ya maziwa ndama avinyonye mpaka ajifunze kunywa mwenyewe, bibi yake amemshika kiuno asitumbukie. Alirudi ndani mkono umelowa mpaka kwenye kiwiko na hakutaka unawishwe. Wifi ananiambia kila Jumapili akipiga simu kwamba swali la kwanza la mtoto ni kama ndama amekunywa. Na wifi mwenyewe alishinda na mama jikoni anafundishwa kugandisha mtindi kwenye kibuyu. Sikuwahi kuwaona wale wawili wakicheka vile.

Jambo la mwisho ni habari njema. Asubuhi ya tarehe 14 Januari mwanangu alikwenda bandani kuchukua keni, akamkuta Tumaini, yule mtamba, amesimama tuli huku Sikujua akimpanda, na ute unaning'inia, dalili kwamba yuko kwenye joto. Akakimbia kumwambia bibi yake kabla hajavaa viatu vya shule. Tukampigia mtaalamu wa uhimilishaji, anayepandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume, akaja jioni ileile, maana aliyeonekana na joto asubuhi hupandishwa jioni. Siku 21 zilipita, tarehe 4 Februari, tukamchungulia kutwa nzima. Hakurudia joto, dalili kwamba ameshika mimba.

Mama amehesabu siku 283 za mimba kwa kidole kwenye kalenda ya kanisa, akachora duara tarehe 24 Oktoba. Akizaa jike anataka mwanao ndiye ampe jina. Omba likizo mapema, uje na familia, safari hii uamke saa kumi na moja. Na uje na gambuti zako. Za baba zilizokuwa bandani zimetoboka.

Dada yako