Ukurasa wa 3 usiende hivyo

Tudor, Mombasa
Alhamisi usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na wanao nawasalimu. Karatasi zako za somo la kemia Swaleh kanifikishia alasiri, kona moja imelowa, sijui ni ferini au ni chai yake, lakini zasomeka. Naandika mbio kwa kuwa Jumamosi wazipeleka kupigwa chapa.

Ukurasa wa 3 umesema klorini ina afiniti kubwa ya elektroni, yaani yatoa nishati nyingi ikipokea elektroni, kwa hivyo ikikutana na sodiamu ioni (atomu zenye chaji) hutokea. Hesabu hiyo haifungi, shoga. Kuing'oa elektroni moja kwenye sodiamu kwala nishati, kilojuli 496 kwa kila moli ya atomu. Klorini ikiipokea yarudisha 349 tu. Tayari una deni la 147! Ongeza 108 za kuigeuza sodiamu gesi, na 121 za kutenganisha atomu za klorini: deni limefika 376. Anayelipa ni fuwele, ile punje ngumu ya chumvi. Ioni zikijipanga pamoja zatoa 787, ndipo zinabaki 411. Chukua punje ya chumvi ya Gongoni uitazame kwa lenzi: vile visanduku vyenye pembe za mraba ndio mpango wenyewe wa ioni.

Jedwali la afiniti nalo: florini umeipa namba kubwa kuliko klorini. Ni 328, iko chini. Atomu yake ni ndogo mno, elektroni zilizomo zimebanana na zamsukuma mgeni. Ni matatu ya jioni, kiti kipo lakini kuingia ni kazi. Na ile alama ya kutoa mbele ya 349... vitabu vingine vyaiweka, vingine haviiweki. Andika juu ya safu "nishati inayotolewa", uondoe alama zote, watoto wasipoteze maksi bure.

Oksijeni ndiyo itakayowachanganya zaidi. Elektroni ya kwanza yatoa 141. Ya pili haitaki kuingia, kwa kuwa ioni yenyewe tayari ni hasi na yaifukuza. Kuilazimisha kwala zaidi ya 700. Ioni ya oksidi peke yake kwenye gesi haikai. Ndani ya oksidi ya magnesi yakaa, na aliyeishika ni fuwele yule yule. Basi rudi ukurasa wa 3, sentensi hiyo ifute kabisa, usiiponyeponye.

Mwalimu Kombo ameziona hizi? Mchoro wa ngazi za nishati atachora nani, wewe au yule kijana wa Kisauni? Nakala ngapi? Na bakuli langu, shoga, liko wapi?

Wako,
Mwanaisha