Mdogo wangu, mwache gwiji wako abaki alipo

Mdogo wangu,

Umeniambia wachezaji wako, katika mchezo wa kuigiza unaouendesha mezani, wamefika ngazi ya 9 ya uwezo, na kwa kuwa wanamkaribia kwa uwezo gwiji wako, yule bibi wa upanga anayelinda daraja, umempandisha ngazi tena. Nakusihi uache. Najua unavyompenda, nami nampenda, lakini kila ukimsogeza juu unawanyang'anya wenzio walichokitolea jasho.

Chukua mfano wa mchezo wa namna hiyo, toleo la tano la Dungeons & Dragons, lile la 2014. Mpiganaji wa ngazi ya 1 mwenye nguvu 16 akishambulia hujumlisha 5 kwenye dadu ya pande 20. Joka jekundu la kale lina kinga 22, yaani jumla inayotakiwa ili pigo lilipate, kwa hiyo dadu lazima imtolee 17 au zaidi: nafasi 4 kati ya 20. Akifika ngazi ya 20, na nguvu zake zimefika 20, anajumlisha 11, na hapo 11 ya dadu inamtosha. Nusu kwa nusu. Kufika huko kumemgharimu alama 355,000 za uzoefu, na joka ni lilelile alilolikimbia zamani. Hiyo ndiyo raha yenyewe! Sasa wewe lipe kinga 28. Bado anatafuta 17 ileile. Karatasi yake imejaa tarakimu kubwa, na nafasi ya pigo lake kulipata joka haina tofauti na ya siku ya kwanza.

Tatizo hili ni la tangu zamani. Mwaka 1976, miaka miwili tu baada ya mchezo kutoka, wachapishaji wake walitoa kitabu cha nyongeza chenye takwimu za miungu na mashujaa. Dibaji yake ilisema wazi kwamba waliwalenga waendesha michezo wanaogawa ngazi kama njugu: Odin mwenyewe, mungu mkuu wa Wanorse wa kale, alipewa alama 300 tu za uhai (mapigo huzipunguza, zikiisha mhusika anakufa), ili waendesha michezo hao waone walivyopitiliza. Nia ilikuwa njema, ila mimi naona dawa haikuwa hiyo. Ukishampa mungu alama za uhai, mchezaji ataanza kupiga hesabu ya kuzimaliza.

Mkumbuke Fumo Liyongo. Silaha hazikumdhuru, ndiyo, lakini tunachosimuliana ni siri ya kitovu chake, sindano ya shaba, na mwanawe wa kumzaa aliyetumwa kumchoma. Hata baada ya kuchomwa alipiga goti kisimani, upinde tayari, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wasijue kwamba amekwisha kufa. Adui hawakumzidi nguvu. Walitafuta siri, kisha wakatafuta wa kuitumia. Gwiji wa namna hiyo hata kundi la ngazi ya 3 linaweza kumwangusha likihangaika, na la ngazi ya 18 lisiloijua siri atalisumbua vilevile.

Bibi yako tayari unacho cha kumpa: uliniambia aliapa asilivuke daraja lake. Kikuze hicho. Kitajibu pia lile swali la wachezaji, kwa nini mwenye uwezo mkubwa hivyo asiende kupigana mwenyewe.

Kabla ya kikao kijacho, andika takwimu zake kwa kalamu, uikunje karatasi, umkabidhi mchezaji mmoja aitunze hadi siku ya pambano. Wakimwangusha kwa mizunguko miwili, mwache aanguke, kisha waulize nani kati yao atabaki kulinda daraja.