Wiki ya shule ya mtoto wa kiume na sare yake: kwa nini kaptula inatoboka mapema, na sisi tunashonaje

Wazazi wetu, hasa kina mama mnaotuletea madogo wa darasa la kwanza mpaka la nne, kila ikifika Februari swali ni lile lile, fundi mbona kaptula imeshatoboka, mbona shati limechanika kwapani na shule ndo kwanza imefunguliwa Januari. Na mara nyingi mtoto mwenyewe kasimama hapo hapo anaangalia chini, maana nyumbani ameshagombezwa vya kutosha. Sasa leo tunaomba tulieleze hili vizuri, kwa sababu tunashonea shule ya wavulana wadogo hapa jirani na ratiba yao ya wiki tunaijua, na ukweli ni kwamba yule mtoto hajakosea kitu. Amesoma. Mtoto wa miaka 6, 7, 8 anajifunza akiwa chini sakafuni, yuko uwanjani, yuko bustanini, na sare yake inatakiwa ishonwe kwa ajili ya hayo yote, siyo ile ya kupendeza siku ya kufungua shule halafu basi.

Tuanze na Jumatatu ambayo ndiyo siku rahisi kuliko zote. Mstarini, bendera, wimbo wa taifa, halafu mwalimu wa zamu anapita kukagua kucha, nywele, soksi, kola. Siku hiyo kila mzazi anataka mtoto anyooke, na hapo ndipo wengi wanaponunua shati la polista tupu kwa sababu halijikunji na pasi haisumbui. Ni kweli halijikunji, lakini kwa joto la Dar la Februari jasho linabaki mwilini, na ukilizoesha jiki ili liwe jeupe zaidi ndo kwanza linageuka njano. Sisi mashati tunashona kwa kitambaa cha mchanganyiko, pamba na polista. Ukitaka kujua kama kitambaa kina pamba kikunje kwenye ngumi uhesabu mpaka kumi uachie, kikirudi kimenyooka kabisa kama hakijaguswa basi hapo pamba ni kidogo sana au hakuna. Jaribu hata kwa shati ambalo hukulinunua kwetu.

Jumanne sasa. Hapa ndipo tunaomba mtulie kidogo maana kaptula nyingi zinafia hapa.

Tangu Januari 2024 shule zimeanza mtaala mpya, darasa la kwanza wakiwa kati ya walioanza nao, na kwa hawa wadogo kazi kubwa ni ile ile KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, kipindi kimoja ni dakika 30 na mwalimu anahimizwa afundishe kwa vitendo. Vitendo maana yake nini kwa mtoto wa darasa la kwanza? Anahesabu vizibo vya soda, mbegu, vijiti, na vizibo ukivihesabia juu ya dawati lililoinama vinamwagika, kwa hiyo wanakaa chini, kwenye mkeka kama upo na kwenye saruji kama haupo, wanatengeneza mafungu ya kumikumi, mmoja anamsogelea mwenzake bila kunyanyuka, anajiburuza tu kwa makalio. Saruji ya darasani inakula kitambaa kama msasa. Mtoto akijiburuza hivyo vipindi viwili kwa siku, wiki baada ya wiki, kaptula ya kitambaa chepesi inaanza kung'aa kwanza pale nyuma, halafu inakuwa nyembamba unaona mwanga ukiinyanyua dirishani, halafu siku moja mama anafua anakuta tundu anadhani mtoto kapanda mti.

Dawa yake tunaiweka kabla. Kaptula zote za darasa la kwanza na la pili tunaziwekea kitambaa cha pili kwa ndani sehemu ya makalio, kile kile cha kaptula, tunakikamata kwa mistari ya cherehani ili kisicheze, na kwa nje mtu haoni zaidi ya mistari ya uzi wa rangi ile ile. Kwa wale wakubwa wanaovaa suruali tunafanya hivyo magotini. Inaongeza bei kidogo hatukatai, ila pima mwenyewe na bei ya kununua kaptula ya pili mwezi wa nne.

Halafu kuna mshono wa katikati, ule unaokutana chini kati ya miguu. Mishono minne inakutana pale kwenye nukta moja, mtoto akichuchumaa ghafla uzito wote unavuta hapo, na mshono wa kawaida hauna mnyumbuliko, kwa hiyo kitambaa kinabaki kizima ila uzi unakatika paa. Ukiona kaptula imefumuka hapo angalia vizuri, utakuta kitambaa hakina hata jeraha. Sisi tunakata kipande kidogo cha pembe nne tunakiingiza pale katikati, ile nukta inatawanyika inakuwa mishono mbalimbali na mguu unapata nafasi ya kufunguka. Ni kipande cha kukaa kwenye kiganja tu ila kinaokoa sana. Pia tunapitisha mshono mara mbili na uzi wa polista, kwa sababu uzi wa pamba ukilowa na kukauka kila siku unachoka haraka.

Mifuko. Mifuko ya mtoto wa kiume ni stoo, na hili tunalisema kwa upendo kabisa. Tukipokea kaptula ya kurekebisha tunakuta gololi, vizibo ambavyo vilitakiwa vibaki darasani, mawe, penseli iliyochongwa ikawa kali pande zote mbili. Mfuko uliokatwa kwa kile kitambaa chembamba cheupe hauwezi kubeba hivyo vitu. Tunatumia drili, kile kitambaa kizito kigumu, kwa mfuko wa ndani na zile kona mbili za mdomo wa mfuko tunazifunga kwa zigzagi ya karibu karibu, maana hapo ndipo mkono unapovuta. Kwa darasa la kwanza tunashauri msiweke mfuko wa nyuma kabisa, anakalia vitu, na penseli ikikatikia pale inatoboa kitambaa na inamchoma mtoto.

Jumatano ni michezo, na mtoto haishi kuizungumzia tangu Jumanne jioni. Wana bukta na tisheti za rangi za hausi zao, mpira, mbio, kuvuta kamba, na ikifika msimu wa kuchagua timu ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, wale wakubwa wanakimbia kweli kweli. Watu wanadhani tatizo la Jumatano ni bukta kuchanika, kumbe tatizo kubwa liko kwenye kubadilisha nguo. Jaribuni kupata picha kichwani ya darasa zima la wavulana wa miaka 6, wametoka uwanjani wana jasho, kengele imeshagonga, mwalimu ni mmoja, na kila mtoto ana kifungo kidogo kigumu cha kiunoni na tundu jipya ambalo halijalegea. Mikono inateleza. Mtoto anavuta, anavuta, anakata tamaa anafunga mkanda juu ya kaptula iliyo wazi, au anang'oa kifungo. Wengine wanashindwa kufungua haraka wakibanwa na choo, na hilo ndilo linalotuuma zaidi, maana mtoto akijikojolea shuleni kwa sababu ya kifungo aibu ile anaibeba siku nyingi wakati shida ilikuwa ni kazi ya fundi.

Kwa hiyo kaptula za wadogo tunaweka lastiki pana upande wa nyuma, mbele panabaki pamenyooka ili mstarini aonekane nadhifu, na badala ya kifungo tunaweka kulabu bapa ya chuma ambayo mtoto anaitelezesha kwa kidole kimoja. Zipu tunaweka ya plastiki yenye meno manene na kichwa chake tunakifungia kitanzi kidogo cha utepe cha kuvutia. Tukimaliza kupima tunamwambia mtoto avae na kuvua mwenyewe mbele yetu, mama asimsaidie. Akishindwa kaptula hiyo haitoki dukani mpaka tuibadilishe.

Alhamisi ni bustani na sanaa, rangi, udongo wa kufinyanga, kumwagilia mchicha, yaani siku ya madoa. Hapa kazi yetu ni ndogo kazi kubwa iko nyumbani, kwa hiyo tuwape tunayoyajua. Tope liache likauke kabisa ulipukute kwa brashi kavu ndo ufue, ukilikimbilia likiwa bichi unalisukuma ndani ya kitambaa. Damu ya goti ni maji ya baridi tu, maji ya moto yanaigandisha. Wino wa kalamu ule wa peni pigia pamba yenye spiriti huku umeweka kitambaa safi kwa chini kinachofyonza, usisugue kwa duara maana unasambaza. Utomvu wa ndizi na maji ya mabibo hapo ni ngumu, vikishakauka na kuwa kahawia mara nyingi havitoki tena, kwa hiyo msimu wa mabibo mpeni mtoto tisheti ya zamani ya kuvalia juu, ongeeni na mwalimu ataelewa. Jiki msiiweke kwenye kitu chenye lastiki wala kwenye bluu. Na kaptula ya bluu anikeni ikiwa nje ndani na kivulini, na pasi pitisheni upande wa ndani, ule mng'ao mnaouona kwenye suruali za bluu mara nyingi ni pasi ya moto kupitishwa kwa nje.

Ijumaa kuna usafi wa darasa asubuhi, vipindi vya dini, na wale wa Kiislamu wengi wanakuja na kanzu kwenye begi kwa ajili ya sala. Kanzu hiyo inaviringishwa ovyo ikatolewa ina mikunjo, basi ikunje kwa urefu kwanza kisha iviringishe kama mkeka, inatoka vizuri. Tunashona kanzu za watoto pia, upindo mrefu.

Upindo wenyewe tuuzungumzie maana watu wanaturudisha nyuma kwenye bei kwa sababu ya huu. Mtoto wa umri huu anaongezeka kama sentimita 5 mpaka 6 kwa mwaka. Suruali yenye upindo wa sentimita 2 mwakani haina pa kushushia, unanunua nyingine wakati kitambaa bado kizima. Sisi tunaacha akiba ya kutosha chini na nyuma kiunoni, ukija Desemba likizo tunashusha na kupanua, suruali inaingia mwaka wa pili. Kununua kubwa ili "akue nayo" hatushauri, mtoto anakanyaga upindo, anaanguka, na nguo inayoburuzika ndiyo inayochanika kwanza.

Na majina. Shule ya wavulana watupu sweta zote ni moja, saizi zinakaribiana, wakizivua kwenye joto la saa tano zinarundikwa dirishani na jioni kila mtu anabeba iliyo juu. Jina tunalidarizi ndani ya kola bila malipo kwa sare zote tulizoshona sisi. Ila mtoto wa darasa la kwanza mwezi wa kwanza wengi bado hawajui kusoma jina, kwa hiyo pembeni ya jina tunamwekea alama anayoichagua mwenyewe, samaki, nyota, gari, kwa rangi anayoitaka. Hili wanalipenda mno, wanakuja wameshaamua tangu nyumbani, na jioni anaangalia tu kama ni samaki wake.

Mkija kupima njooni na mtoto mwenyewe, msituletee kaptula ya zamani kama kipimo kwa sababu imeshavutika. Tunampima akiwa amesimama, halafu tunampima amechuchumaa, maana shati linalotosha akisimama linaweza likachomoka lote mgongoni akiinama kuandika. Njooni na ratiba ya wiki ya darasa lake pia kama shule imewapa, tukiona siku za michezo ziko mbili tutawashauri bukta mbili, tukiona wanaogelea tutawaambia kitambaa gani kinastahimili maji yenye dawa. Kwa sare tulizoshona sisi, mshono ukifumuka ndani ya muhula wa kwanza tunarudishia bure, na viraka vya magoti tunafanya siku hiyo hiyo ukiileta kabla ya saa sita mchana. Vipimo vya Januari tunaanza kupokea mwanzoni mwa Desemba, na tunaomba kwa dhati msisubiri wiki ya mwisho, maana kazi ya kile kipande cha katikati na kitambaa cha ndani haitaki haraka.