Mafuta ya karafuu sikuletei

Shoga yangu,

Voisi yako nimeisikiliza jana usiku, nimecheka pale unapoigiza unavyokimbilia chooni ukisikia tu harufu ya samaki, halafu ulipofika kwenye kuniomba mafuta ya karafuu uyanywe kwa kichefuchefu cha mimba nikaacha kucheka. Sikuletei. Nuna ukinuna.

Eti "si karafuu tu, kila siku tunatia kwenye pilau". Pilau ni punje nne tano sufuria zima, tena ukiiona kwenye sahani unaitoa. Mie nimekulia hapa Wawi, Pemba, harufu ya kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, naamka nayo nalala nayo, gari zinaingia zimeshehenezwa makonyo na mafuta yanayotoka ni kidogo tu, kwa hiyo hicho kichupa unachotaka kuninywea matone kwenye maji moto ni rundo zima limekamuliwa humo. Mwaka jana nilitia tone kwenye jino bovu fizi ikababuka, sasa wewe unataka kupitisha tumboni na kiumbe kimo humo!

Tena mie nina langu. Mimba ya kwanza choo kilinifunga siku tano, jirani akanikatia jani la shubiri, ule utomvu wa njano ukachuruzika kwenye kikombe nikafumba macho nikanywa. Wallahi shubiri hii hii tunayopaka ziwa ili mtoto aache kunyonya! Usiku tumbo likanikaza, sio la kuharisha tu, chini kabisa, alfajiri niko juu ya bodaboda naenda hospitali. Mkunga hata hakunigombeza, alisema utomvu ule unausukuma utumbo na unaweza kuuamsha na mfuko wa uzazi. Tulisalimika, alhamdulillah.

Kwa kichefuchefu tia kipande kidogo cha tangawizi kwenye chai, hiyo hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 umeitaja kwa mimba changa. Uwatu wa mkweo uweke kwanza, ukiula mwingi na mimba unaweza kukuletea uchungu kabla ya siku, na hata ukishakuwa mzazi, wewe wa vidonge vya sukari muulize daktari maana uwatu nao unashusha sukari. Uji wa pilipili manga ukishajifungua nitakuja kukupikia mwenyewe.

Nimekutilia tangawizi na ndimu kwenye kikapu, kinakuja na boti ya kesho. Mtume shemeji akakipokee bandarini, usiende weye, ule moshi wa dizeli utakutapisha bure.