Misimbo ya ankara isiwanyime wanawake haki ya bima

Mhariri,

Sheria ya bima ya afya ya Marekani ya mwaka 2010, inayozitaka bima nyingi zigharimie uzazi wa mpango bila mteja kuchangia chochote, husifiwa mara nyingi, lakini ni nadra kuelezwa kwamba haki hiyo hupita kwanza mikononi mwa karani wa ankara.

Kitanzi cha shaba, kifaa cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya mfuko wa uzazi, kinapowekwa kliniki, madai ambayo karani hupeleka kwa bima huhitaji misimbo mitatu, yaani namba za kutambulisha huduma: J7300 kwa kifaa chenyewe, 58300 kwa kazi ya kukiweka, na Z30.430 kueleza sababu ya huduma. Kliniki ikidai kazi na kusahau kifaa, ambacho kwa kawaida ndicho ghali zaidi, hasara ni yake. Lakini ikiandika sababu isiyohusu uzazi wa mpango, au ikiacha alama ya 33 inayotambulisha huduma ya kinga pale bima inapoitaka, madai yanaweza kuhesabiwa kama matibabu ya kawaida na deni likamwangukia mwanamke ambaye hakukosea lolote. Kifaa kikitoka famasi na kulipiwa huko na bima, kliniki inapaswa kudai kazi ya kukiweka tu.

Kwa maoni yangu, kampuni za bima zingepaswa kuirejeshea kliniki madai yenye dosari kabla ya kumtumia mteja ankara. Hadi hapo, anayedaiwa aombe ankara yenye mchanganuo wa misimbo, na adai isahihishwe kabla ya kulipa.

Msomaji wenu